Mwezi wa tisa ndo wa kushika jembe uwanjani, sio mvua zikishaanza

Wengi wetu Mwanza tunasubiri mpaka mawingu yatande juu ya ziwa ndo tuanze kutafuta kijana wa kufyeka na kuzibua mfereji, muda huo ushachelewa. Huku Kanda ya Ziwa vuli ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, masika wa tatu mpaka wa tano, na mvua zetu mnazijua, zinakuja na upepo na radi, kwa saa moja tu zinamwaga maji mengi ambayo kwenye mteremko hayasubiri kunywewa na udongo.

Nianze na hili maana linaniuma sana, kufagia uwanja wote mpaka unabaki udongo mtupu. Naelewa, tumelelewa hivyo, uwanja msafi ni ule wenye mistari ya fagio, na nyoka kwenye majani marefu sio hofu ya bure. Ila ukikaa Isamilo, Bugando, Mabatini au popote kwenye vilima vyetu vya mawe, udongo wa pale ni kichanga na ni mwembamba juu ya mwamba. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linaupasua, vumbi lake linaziba vitundu vya kupitisha maji, basi maji yanaanza kukimbia na ule udongo wa juu wenye rutuba, yanashuka kwa jirani, yanaingia mto Mirongo, mwisho ziwani. Ikiendelea hivyo mvua hadi mvua, msingi wa nyumba unaachwa wazi.

Kwahiyo fagia njia na mbele ya mlango, kwingine kote panda nyasi. Sio lazima zile za kununua kwa mita, ukoka wa kawaida unatosha kabisa, unavumilia jua na ukikatwa mfupi nyoka hana pa kujificha. Chukua vipande vyenye vifundo na mizizi, pandikiza mvua za kwanza zikishalainisha udongo, acha kama sentimita 20 kati ya kipande na kipande. Ukikata usitoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, na kiangazi ziache ndefu kidogo ili zikinge mizizi.

Kwenye mteremko mkali nyasi peke yake hazitoshi. Bahati nzuri mawe hatuna shida nayo. Yapange mstari wa kukata mteremko, sio wa kushuka nao, na usawa upime kwa mpira wa maji kama mafundi wanavyofanya, halafu upande wa juu wa mstari chimba mfereji mfupi na uoteshe mchaichai au vetiva, zile nyasi ndefu zenye mizizi ya kushika udongo. Ni makinga maji yaleyale ya shambani, tofauti ni ukubwa tu. Ila tafadhali maji usiyaelekeze kwa jirani. Na ukimwaga zege au pevingi uwanja mzima jua maji yote yanatoka nje ya geti lako kwa kasi, angalau acha ukanda wa udongo uliopandwa pembeni.

Gata la paa nalo ni la mwezi huo huo wa tisa, panda juu utoe majani ya mwembe na mwarobaini, maana maji yakituama humo wiki moja au mbili tayari umefuga mbu. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 2,000, weka tenki lenye mfuniko.

Majani usichome. Yalundike yaoze yawe mboji, mengine tandaza kwenye maua, usigusishe shina wala ukuta wa nyumba sababu ya mchwa. Gugu maji pia linafaa, ila likaushe juani kwanza na chukua lisilo na maua, hutaki kusambaza mbegu.

Mliojenga kando ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwahiyo matete na mafunjo yaacheni, ndo yanayochuja tope. Urea ya bustani isimwagwe mvua ikiwa inakaribia, inaenda kulisha hayo magugu maji.

Miti: chimba mashimo mwezi huo huo wa tisa, sentimita 60 kwa 60, changanya samadi iliyooza, upande vuli ikishatulia. Mfikasi usiusogeze karibu na shimo la choo, mizizi yake inapasua. Matawi makavu yaliyoinamia bati yapogolewe kabla ya upepo, lakini yaliyogusa nyaya za umeme usipande mwenyewe wala usimtume kijana na panga, waite TANESCO.

Januari na Februari mvua hupungua na mche wa vuli bado mizizi haijashuka, hapo umwagilie taratibu jioni mara mbili kwa wiki mpaka masika ishike, maji ya lile tenki yatakusaidia.