Kamera za ulinzi za matawi matatu: anza na ngazi, si na bei

Usikimbilie Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, kuuliza bei ya kamera. Kwanza zungukia kila tawi, usiku pia. Nina duka Gikomba, jingine Kariobangi na stoo Industrial Area. Pale stoo, taa ya mlango ilikuwa inaipofusha kamera. Uso wa mtu ukawa doa jeupe tu. Nilipanda ngazi, nikaisogeza kamera kando, tatizo likaisha bila kununua kitu.

Nyaya za zamani zikiwa nzima, usizing'oe. Tafuta rekoda, yaani kifaa kinachohifadhi picha, inayopokea kamera za kale na za mtandao, ubadilishe kamera kidogo kidogo, ukianzia kaunta.

Diski ya rekoda ipigie hesabu. Kamera inayorekodi megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 hivi kwa siku. Kamera 8 kwa siku 30 ni zaidi ya terabaiti 10. Acha rekodi zibaki tawini, kwenye simu tazama picha nyepesi.

Saa za rekoda zote zilingane, nakusihi. Yangu moja ilichelewa dakika 40, na tulipoibiwa tulipoteza siku nzima tukitafuta picha. Badilisha nywila ya kiwandani, rekoda na ruta ziwe na betri ya akiba stima ikipotea, na ubandike tangazo mlangoni: sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka watu wajulishwe.