Mani planti ya michirizi myeupe: mpe mwanga kabla ya maji

Sehemu nyeupe ya jani la mani planti haijipikii chakula. Haina klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula, hivyo kijani kilichobaki ndicho kinacholisha mmea mzima. Ndiyo maana aina ya Marble Queen, hii yenye michirizi myeupe, hukua taratibu kuliko ile ya kijani kitupu. Ukienda kwenye vitalu vya maua vya barabarani, usikimbilie chungu chenye majani meupe pe. Chukua chenye mchanganyiko, nusu kwa nusu hivi. Muuzaji atakusifia ule mweupe, ndiyo kazi yake.

Wifi yangu kaweka wake juu ya kabati la vyombo, mbali na dirisha, kisha akalalamika kuwa "unageuka kijani". Gizani lazima iwe hivyo: machipukizi yenye kijani kingi ndiyo yanayopata nguvu. Usogeze dirishani, umbali wa mkono mmoja.

Dirisha lipi? Hapo ndipo miongozo ya Ulaya inapotupoteza, maana wao husema jua liko dirisha la kusini. Kwetu Dar es Salaam jua hupita upande wa kusini kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Miezi iliyobaki liko kaskazini. Basi mimi vyungu vyangu vinahama na majira. Dirisha la mashariki halina usumbufu, jua la asubuhi hadi saa tatu linavumilika. La saa saba mchana linababua, na weupe ndio unaoanza kuungua na kuwa kahawia. Kama huna pa kuuhamishia, pazia jepesi linatosha.

Maji hayana ratiba. Chovya kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mizizi ikikaa ndani ya maji inaoza. Wakati wa masika udongo unachelewa kukauka, kwa hiyo punguza. Wenye maji ya kisima yenye chumvi, kingeni ya mvua kwenye ndoo. Chumvi ikijikusanya kwenye udongo, ncha za majani zinakauka. Kiyoyozi nacho kisiupulize moja kwa moja.

Udongo wangu: mweusi wenye samadi iliyoiva, mchanga wa mto, chenga za mkaa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi ukiyapata kwa wasokota kamba yamelowekwa baharini, kwa hiyo yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi siku kadhaa ukibadilisha maji, chumvi itoke. Yanayobaki yafunge kwenye fimbo, uichomeke kwenye chungu. Huu ni mmea wa kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Ufaransa, na asili yake ni kupanda miti: ukiparamia, majani yanakuwa makubwa, ukining'inia, yanakuwa madogo.

Sasa kukata, kazi ninayoipenda. Ukiona tawi linatoa majani ya kijani kitupu mfululizo, usilionee huruma, litazidi nguvu mengine. Lishike, urudi nyuma kwa vidole ukikagua shina. Utaona mstari mweupe umetembea ubavuni. Kwenye kila kifundo, pale jani linapoanzia, kuna jicho, kama la kipande cha muhogo cha kupanda. Mstari ukipita penye jicho, chipukizi litakalotoka hapo lina nafasi nzuri ya kuwa na michirizi. Jicho likikaa kwenye kijani kitupu, usitegemee. Kata juu kidogo ya kifundo kizuri cha mwisho.

Vaa glavu au nawa mikono ukimaliza. Utomvu unawasha, na mtoto au paka akitafuna jani, mdomo utamvimba. Ning'iniza juu.

Vidung'ata, vile vidudu vyeupe vya ungaunga kwenye makwapa ya majani, vifute kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya wiki.

Ukikata na kipande chenye michirizi, usikitupe. Kiweke kwenye glasi ya maji, kifundo kizame, majani yabaki juu, ubadilishe maji kila yakichafuka. Mizizi ikifika urefu wa kidole, hamishia kwenye chungu kidogo. Chungu kikubwa hukaa na maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza.