Somo: namna ya kutumia dawa ya steroidi ya kupuliza puani

Kila Januari, upepo mkavu unapoanza kuinua vumbi katika mashamba ya Njoro na Rongai, wagonjwa wa mafua ya mzio huongezeka katika duka langu la dawa hapa Nakuru, na wengi hulalamika kwamba dawa ya kupuliza haiwasaidii. Nikimwomba mteja anionyeshe anavyoitumia, mara nyingi naona kosa liko mkononi wala si chupani: anainua uso juu, anaelekeza ncha katikati ya pua, kisha anavuta kwa nguvu kama mnusa ugoro, na dawa yote inaishia kooni.

Kwanza, penga makamasi taratibu. Pua ikiwa imeziba sana, isafishe kwa maji ya chumvi ya dukani na usubiri kidogo.

Pili, tikisa chupa. Ikiwa ni mpya au imekaa siku kadhaa bila kutumiwa, bonyeza hewani mpaka utoke ukungu laini.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia unapopulizia tundu la kushoto, na kwa mkono wa kushoto unapopulizia la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio na kuuepuka ukuta wa kati ya pua. Bonyeza huku ukivuta hewa polepole. Ukionja uchungu kooni, umevuta kwa nguvu mno.

Nne, itumie kila siku, hata siku ambayo hupigi chafya, kwa sababu dawa hii hutuliza uvimbe wa ndani hatua kwa hatua, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki 2.

MASWALI

Je, steroidi hizi hufurisha uso kama vidonge vya steroidi?

Kwa kawaida hapana. Kipimo chake ni cha mikrogramu, na flutikasoni au mometasoni (steroidi zilizomo katika dawa hizi za kupuliza) inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Hata hivyo, anayetumia ARV zenye ritonavir asinunue flutikasoni kabla ya kumweleza mfamasia, kwa kuwa ritonavir huzuia ini kuivunja, ikarundikana mwilini na kuleta madhara hayohayo ya vidonge.

Natokwa na damu puani tangu nianze. Niache?

Pumzika siku chache, kisha urudie hatua ya tatu, kwani huenda unaupulizia ukuta wa kati. Damu ikiendelea, nenda kwa daktari.

Mbona matone ya zailometazolini hufungua pua papo hapo?

Hubana mishipa ya damu, basi. Uvimbe wa mzio hayautibu. Ukiyatumia zaidi ya siku 5 hivi, pua huzoea na kuziba vibaya kuliko mwanzo, nawe unarudi dukani kununua chupa nyingine.