Ryzen 5 5600 haiwaki kwenye ubao mama wa B450: sasisha BIOS kwanza

Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi, na taa ndogo ya CPU kwenye ubao haizimi. Usikimbilie kurudisha prosesa dukani. Mbao za B450 zilitoka 2018, Ryzen 5000 zikaja Novemba 2020. Soketi (sehemu ya kuchomeka prosesa) ni ileile ya AM4, lakini BIOS ya zamani, yaani programu ya ubao inayowasha kompyuta, haiitambui prosesa mpya. Hakikisha pia waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha, maana Ryzen 5 5600 haina sehemu ya kutoa picha ndani yake.

Ubao wenye kitufe cha Flash BIOS nyuma, kama MSI B450 Tomahawk MAX, hauhitaji prosesa ya kuazima. Pakua faili la BIOS la jina kamili la ubao wako kwenye tovuti ya MSI, fungua zip, faili la BIOS lililomo lipe jina MSI.ROM, liweke kwenye flashi ya USB iliyofomatiwa kwa FAT32, nje ya folda yoyote. Flashi ya GB 32 au chini ndiyo salama. Kubwa zaidi mara nyingi huja na exFAT, na ubao hausomi.

Unganisha nyaya za umeme za pini 24 na pini 8, chomeka flashi kwenye tundu lililoandikwa Flash BIOS, washa swichi ya pawasaplai tu, kisha bonyeza kitufe. Taa ikimeta sekunde chache na kuzima, faili halijasomwa. Ikiendelea kumeta, subiri dakika kadhaa bila kugusa kitu. Umeme ukikatika hapo BIOS huharibika, hivyo tumia UPS (betri ya akiba).

Ubao usio na kitufe? Azima Ryzen 5 2600, prosesa ya zamani ambayo BIOS hiyo inaitambua, usasishe ndani ya BIOS.