Kifuu, ukili na kandambili: vichezeo vya nyumbani kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu

Kabla ya kukata au kushona chochote, mzazi na aketi mkekani pamoja na mtoto amtazame kwa makini: ni mkono upi unaofika mbele, vidole vinakunjuka kiasi gani, ni sauti gani inayomfanya ageuze kichwa, na je, anachokishika hukipeleka mdomoni. Kichezeo hufuata kile ambacho mtoto tayari anakiweza, hata kama ni kusukuma kwa kiwiko tu, nacho kinapaswa kumjibu papo hapo kwa mlio, mwendo au mguso, kwa kuwa mtoto anayejitahidi mara kadhaa bila kupata jibu huacha kujaribu. Nimeona vichezeo vya dukani vya bei kubwa vikiishia kabatini kwa sababu hiyo.

Huku Mtwara na Lindi vifaa havihitaji kutafutwa mbali: vifuu vya nazi, ukili (majani ya mkindu yaliyochanwa kwa kusukia), kandambili zilizochakaa, tyubu za baiskeli na vipande vya kanga. Kitu kimoja tu kisiguswe kabisa, nacho ni ganda la korosho ghafi, ambalo msimu wa kubangua hutapakaa kila mahali. Lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Vilevile, mtoto anayetia vitu mdomoni, awe na umri wowote, asipewe kitu kinachoweza kupita katika tundu la upana wa sentimeta 4. Kwa kipimo hicho komwe, zile mbegu ndogo za kuchezea bao, hazifai. Anayetaka kumchezesha bao na achimbe mashimo mapana mchangani, atumie kokwa kubwa za embe zilizooshwa na kukaushwa.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake hauitawali vyema misuli ya mwili, kazi ya kwanza ni ukaaji wake, kwa sababu mtoto anayeogopa kuanguka hutumia mikono yote miwili kujizuia na hana mkono uliobaki wa kuchezea. Wakaao pwani wana njia rahisi: chimbeni shimo mchangani, kivulini, lenye upana wa nyonga zake, mkalishe mgongo ukiegemea ukuta wa shimo, magoti yakunjwe na nyayo zikanyage chini, kisha wekeni ubao mbele yake kwenye usawa wa viwiko. Nyumbani, kona ya chumba na mito miwili hufanya kazi hiyohiyo. Juu ya ubao tandikeni kipande cha tyubu kilichopasuliwa, ili kichezeo kisiteleze kila kinapoguswa.

Kichezeo ninachokipendekeza kuliko vyote ni mpira wa ukili wenye ukubwa wa chungwa kubwa. Tia punje za mahindi makavu katika kifuko cha kitambaa kigumu, kishone mara mbili pande zote, halafu usukie ukili kukizunguka bila kuubana sana, kwa maana zile nafasi za katikati ya msuko ndizo zinazokishikilia kidole kisichoweza kufumba. Mtoto ambaye hawezi kushika kabisa ashonewe utepe wa kanga wenye lastiki laini, upite mgongoni mwa kiganja, na mpira wa ukili ushikizwe upande wa ndani. Utepe usiache alama kwenye ngozi, wala kamba yoyote isining'inie karibu na shingo. Kijiko au kijiti cha kupigia debe hunenepeshwa kwa kukizungushia vipande vya tyubu mpaka kijae mkononi.

Mwenye uoni hafifu huona vizuri rangi zinazopingana. Kata duara na pembetatu katika soli ya kandambili nyeupe au ya njano, ziweke juu ya tyubu nyeusi, na umwache azirudishe katika matundu yake kwa macho na kwa vidole. Mtoto mwenye ualbino achezee chini ya mwembe, mwanga ukitoka nyuma yake, na asikatazwe kukileta kitu karibu kabisa na macho.

Kwa kiziwi, debe lililofunikwa huleta mtetemo viganjani. Mpigaji akae mbele yake ili nyuso zionane. Mwenye usonji huenda akachukizwa na mkwaruzo wa ukili, naye asilazimishwe: mpe vifuu vilivyosuguliwa kwa msasa, avipange kimoja ndani ya kingine, na awe na kikapu kimoja cha kuvirudishia, kinachomwonyesha kwamba mchezo umekwisha.

Kila jioni vuta mishono yote kwa nguvu, na kilicholegea kishonwe kabla hakijarudi mkononi mwa mtoto. Vifuu na soli zioshwe kwa maji ya sabuni, zianikwe juani. Ukili ulioota ukungu wakati wa masika hausafishiki. Uchome, usuke mwingine.