Vidoa vya kutu kwenye rangi ya gari: yeyusha kwanza, kusugua baadaye

Gari jeupe likiegeshwa siku chache jirani na karakana ya kuchomelea mageti, huota vidoa vya rangi ya chungwa, vidogo kama punje za ufuta, hasa kwenye boneti, buti na nyuma ya magurudumu. Wengi hudhani bati limeanza kuoza. Mara nyingi sivyo. Ni chembe za chuma kutoka kwenye grainda, au kwenye diski na pedi za breki. Huruka zikiwa za moto, hunasa kwenye kliya (tabaka angavu linalofunika rangi), kisha hewa ya chumvi ya Malindi huzitia kutu. Gari jeusi nalo hupata, ila halionyeshi.

Hakikisha kwanza ni kutu ipi. Osha gari, likaushe, tia mkono ndani ya plastiki ya kufungia mkate, kisha pitisha vidole taratibu juu ya rangi. Ukihisi mikwaruzo kama ya mchanga pahali palipooshwa vizuri, hizo ndizo chembe. Lakini rangi ikiwa imevimba malengelenge, au kutu imezunguka palipogongwa na kokoto, hiyo yatoka chini na dawa ya kuyeyusha chuma haitaifaa kitu. Hapo ni kukwangua mpaka bati ling'ae, kupaka dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi na kliya. Mpelekee fundi wa bodi upesi, maana hapa pwani kutu ya namna hiyo haingoji.

Kwa chembe, tafuta nusu lita ya dawa ya kuyeyusha chuma (kwenye lebo angalia thioglaikoleti), glovu, ndoo mbili, shampuu ya gari, vitambaa vya maikrofaiba, gramu 50 za udongo maalumu wa kusafishia rangi, na waksi. Maji nayo yaangalie sana. Maji ya kisima chenye chumvi yakikauka juu ya bodi huacha madoa meupe, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mfereji au ya mvua.

Fanya kazi asubuhi kabla jua halijapanda, au jioni, kivulini, bati likiwa baridi kwa kiganja. Vaa glovu. Puliza dawa upande mmoja wa gari kwa wakati, kuanzia chini kwenda juu. Baada ya dakika moja au mbili kila kidoa kitatoka mchirizi wa zambarau: dawa imeshika chuma na kukigeuza kitu kinachoyeyuka majini. Harufu yake ni ya mayai viza, basi usifanyie ndani ya gereji iliyofungwa. Subiri dakika 3 hadi 5. Ikianza kukauka, ongeza kidogo au isuuze mara moja, kwani ikikaukia juu ya rangi yenyewe huacha doa. Suuza kwa maji mengi.

Vidoa vikibaki, puliza tena. Usikimbilie kusugua: chembe ikichomoka kwa nguvu huburuzwa juu ya kliya na kuacha mkwaruzo utakaohitaji polishi. Waya wa kusugulia masufuria ni mbaya zaidi, kwa sababu hukwaruza na kuacha chuma chake papo hapo. Ndimu na siki hula kutu kidogo, lakini zikikaushwa na jua hufifisha rangi. Na kamwe usichanganye dawa hii na Jik wala asidi ya kusafishia rimu.

Baada ya hapo ndipo udongo huingia. Kata kipande, kikande kiwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya shampuu, kisha kipitishe kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza, sehemu ya sentimita 50 kwa 50. Kikianza kuteleza kimyakimya, hapo pamekwisha. Kikunje upate upande safi. Kikianguka chini, kitupe, hata kama ni kipya; mchanga ulioingia hautoki.

Udongo huondoa waksi yote ya zamani, kwa hiyo paka mpya siku hiyohiyo. Upepo wa kusi ukianza, rudia kila miezi miwili au mitatu. Anayeliacha gari Mokowe akavuka kwenda Lamu kwa siku kadhaa alipake waksi kabla ya safari, na akirudi alimwagie maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifuta kwa kitambaa.