Bomoa ukuta kwenye video bila landilodi kujua

Kwa mnaorekodi filamu za mapigano kwa simu huku Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu: kinachofanya ukuta uonekane umebomoka kweli ni vumbi kuliko mawe. Mawe huanguka mara moja yakaisha. Vumbi hubaki likielea, na hapo ndipo jicho la mtazamaji hudanganyika.

Weka simu kwenye tripodi na ufunge fokasi na mwangaza. Rekodi ukuta mtupu, halafu mwigizaji akiruka kana kwamba amepigwa na kishindo. Vumbi lirekodi kivyake usiku: kitambaa cheusi nyuma, taa moja kali ya pembeni (ya mbele hulififisha), kisha angusha vipande vya jipsam alivyobakisha fundi wa dari pamoja na ungaunga wake. Vaa barakoa. Unga wa ngano achana nao kukiwa na moto karibu, maana ukitapakaa hewani unaweza kulipuka.

Rekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, kisha punguza mwendo nusu. Kipande kidogo kitaonekana kuanguka kwa uzito wa tofali. Kwenye programu ya kuhariri kama CapCut, weka klipu ya vumbi juu ya ile ya ukuta na uchague modi ya kuchanganya picha iitwayo skrini (Screen). Weusi wote utatoweka. Jipsam nyeupe hufaa hapa. Tofali la udongo litapenyeza kama mzuka.

Mkiwa na kompyuta, programu ya 3D iitwayo Blender ni ya bure na huvunja ukuta wa kuchora vipandevipande. Lakini hata huko, vumbi lenu la jipsam liongezeni juu.